Aliulizwa Mara Moja

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hilo kila mtu analijua, na pale kituoni walilijua zaidi, maana Fundi na Polepole walikohoa mwaka mzima mbele za watu. Lakini kosa si kikohozi. Kosa hukaa kifuani kimya, likala nawe, likalala nawe, likaamka nawe, na watu wakikuona umekonda wakadhani ni mashaka ya bi harusi. Polepole alikuwa na siku kumi na moja tangu abebe la kwake, na harusi ilikuwa imebakiza wiki tatu.

Jina la Polepole alipewa na wenyeji. Kituo kilikuwa cha shirika linalosaidia watu wazima wenye ulemavu wa akili, watu ambao jambo analolishika mwingine kwa siku moja wao huweza kulichukua mwezi, na wakishalishika hawaliachii. Wafanyakazi hawakuwaita wagonjwa wala wateja. Waliwaita wenyeji, kwa sababu kituo kilikuwa chao, na wafanyakazi ndio waliokuja na kuondoka. Polepole, mmoja wa wafanyakazi hao, alikuwa na tabia ya kusema taratibu, neno baada ya neno, huku akimtazama mtu machoni, hata siku moja mwenyeji mmoja akamwambia mbele ya wageni waheshimiwa, "Wewe unasema polepole kama mtu aliyeshiba." Wageni wakacheka, wenyeji wakacheka zaidi, na jina likamganda.

Fundi alikuwa fundi wa cherehani, na alikuwa kaka wa Bibie, mmoja wa wenyeji. Kwa hiyo alikuwa na sababu mbili za haki za kuonekana pale: asubuhi alimleta dada yake, na mchana aliitwa kutengeneza cherehani za chumba cha ushonaji. Moja ya cherehani hizo iliharibika mara sita ndani ya mwaka mmoja, na katika hizo mara sita, mara nne haikuwa imeharibika. Mkurugenzi wa kituo, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni na macho ya kuona nyuma ya ukuta, alimwuliza siku moja kama cherehani ile anaitengeneza au anaiposa. Fundi akainama akijifanya anatafuta skurubu chini ya meza. Polepole alikuwa pembeni anakunja vitambaa, na vitambaa vile vile akavikunja mara ya pili.

Na Bibie? Bibie alikuwa na miaka ishirini na tisa, mfupi, nadhifu, mwenye mwendo wa mtu anayesubiriwa na gari. Jina hilo alipewa na mama yake tangu utotoni kwa ajili ya mwendo huo. Kazi yake kituoni ilikuwa kupanga vifungo kwa rangi na ukubwa, na hakuna aliyemfikia. Maneno yake yalikuwa machache, na lililopendwa kuliko yote lilikuwa "sawa". Umeshiba? Sawa. Umechoka? Sawa. Tuondoke? Sawa. Ungeweza kuishi na Bibie mwaka mzima usijue amekataa nini, na ndiyo maana watu kama yeye walihitaji kuulizwa kwa namna nyingine.

Namna hiyo ilikuwa fahari ya shirika. Mwenyeji akitakiwa kuamua jambo kubwa, huwekewa mezani picha mbili, aelezwe kila moja, aachwe achague kwa mkono wake. Halafu kesho yake aulizwe tena, picha zikiwa zimebadilishana nafasi. Anayeuliza awe mtu asiyefaidika na jibu lolote. Sababu ni kwamba wenyeji wengi hupenda kukufurahisha, watakupa jibu unalolitaka hata kabla hujamaliza swali. Na wengine wana upande wao. Bibie upande wake ulikuwa kulia. Mwekee vikombe viwili, atachukua cha kulia. Mwekee kanga na mfuko wa mchanga, kama mfuko uko kulia, ataubeba mfuko. Kanuni hiyo ya kuuliza mara mbili Polepole ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya, miaka sita mfululizo.

Sasa sikiliza jinsi mtu anavyoteleza penye njia aliyoifagia mwenyewe.

Siku uchumba ulipojulikana, Mkurugenzi alimkumbatia Polepole, akampongeza, kisha akamwambia kuwa kuanzia hapo mambo ya Bibie yatashughulikiwa na mwenzake. Huwezi kuwa mchezaji na mwamuzi, alisema. Polepole akakubali bila neno. Nyumbani kwao ndiko kulikokuwa na neno. Mama yake alimpenda Fundi, alipenda heshima yake na kucha zake zisizoisha mafuta ya mashine, lakini hakutaka kusikia habari ya Bibie kuishi na maharusi. Mama mwenyewe alimuuguza mama mkwe wake miaka saba katika nyumba ya vyumba viwili. "Mchana unalea watu wa shirika, jioni ulee wa mumeo," alimwambia. "Na wewe utalelewa na nani? Akipata pa kukaa yule binti, nitapika harusi kwa mikono yangu. Asipopata, nakuomba usinialike."

Fundi naye alikuwa na lake. Alimwahidi mama yake, saa ile mama anakata roho, kwamba Bibie hatatoka nyumbani ila kwa kupenda mwenyewe. Shirika lilikuwa na nyumba mtaa wa pili, wanaishi humo wenyeji wanne na mlezi wao, na chumba kimoja kilikuwa wazi. Fundi alisema: akitaka mwenyewe, nitambebea sanduku. Asipotaka, tutamngoja mama yako mpaka moyo wake ulainike.

Kwa hiyo ndoa nzima ikaning'inia kwenye kidole cha Bibie.

Chumba kilitakiwa kijibiwe ifikapo Ijumaa, ama kipewe mwingine. Yule mwenzake wa kuuliza akaugua Jumatano. Mkurugenzi alikuwa safarini. Ijumaa mchana Polepole alichukua picha mbili, akaketi na Bibie penye meza ya vifungo, akamweleza kwa sauti yake ile ya taratibu: hii ni nyumbani kwa kaka, hii ni nyumba ya rafiki zako. Bibie akagusa moja. Polepole akamwuliza, una hakika? Bibie akasema, sawa. Fomu ilikuwa na mistari miwili, ulizo la kwanza na ulizo la pili. Polepole akaijaza yote miwili kwa kalamu moja na dakika moja. Ikasainiwa na karani wa ofisi ambaye hakujua nani anaolewa na nani.

Jumapili Fundi akabeba sanduku.

Siku ya kumi na moja, saa tisa alasiri, wenyeji walikuwa wanavaa majaketi yao na gari la kituo linanguruma uani. Polepole alikuwa anafuta meza alipomwona Fundi mlangoni. Hakuwa na mfuko wa vifaa. Alisimama tu, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, akimtazama, na Polepole akahisi lile joto lake la kila siku kifuani, likifuatwa na baridi yake ya siku kumi na moja. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda mpaka namna alivyojifuta miguu mara tatu kabla ya kuingia chumba ambacho kila mtu aliingia na viatu vyenye tope.

Fundi alikaa kwenye kiti cha Bibie. Alisema hakuja kumsumbua, amepita tu. Kisha akaanza kugeuzageuza kifungo kimoja mezani, na Polepole akajua hakupita tu.

"Nimekwenda kumwona jana," Fundi alisema. "Yule mlezi ni mtu mzuri. Nyumba safi. Chumba chake kina dirisha."

"Ni chumba kizuri," Polepole alisema.

"Nimemkuta amekaa kwenye benchi la mlangoni, amevaa viatu, mkoba mapajani. Mlezi anasema ndivyo anavyokaa kila siku tangu aje. Akiamka anavaa viatu anakaa. Akirudi kutoka huku kituoni anakaa. Halii, hasumbui mtu. Wakimwita kula anakula, halafu anarudi kwenye benchi."

Polepole alishika kitambaa cha kufutia kwa mikono yote miwili.

"Nikamwuliza, Bibie, unakwenda wapi? Akaniambia, nakungoja umalize. Nikamwambia, nimalize nini?" Fundi alitabasamu, lakini tabasamu halikufika popote. "Akasema, umalize kuoa."

Uani dereva alipiga honi mara moja, na sauti za wenyeji zikapanda garini, wakiagana kana kwamba hawataonana kesho saa mbili.

"Anadhani ni kazi," Fundi aliendelea. "Kama ninavyomwambia, ngoja nimalize cherehani hii twende. Siku zote nikimaliza tunakwenda. Sikuweza kumwambia kitu. Usiku sikulala. Lakini nikajituliza, nikasema, alichagua mwenyewe. Pengine ni ugeni tu, atazoea. Sasa nimekuja kwako kwa jambo dogo. Nataka unisimulie tena siku ile alivyochagua. Nikilisikia kutoka kwako nitalala."

Msomaji, hapa ndipo mtu angeweza kuokoka kwa sentensi moja. Polepole alikuwa nayo mdomoni. Angesema, alitabasamu, akagusa picha, akasema sawa, na kila neno lingekuwa kweli. Fundi angesimama, angembusu paji la uso kama alivyozoea wakiwa peke yao, na wiki tatu zingepita. Alimtazama usoni, akaona macho mekundu ya mtu asiyelala, akaona jinsi alivyomwinamia kidogo, kama mtoto anayetaka hadithi anayoijua. Fundi alimwamini kupita kiasi. Kama asingemwamini hivyo, labda Polepole angeweza kuisema.

"Nilimwuliza mara moja," Polepole alisema.

"Eeh. Halafu?"

"Hakuna halafu. Nilimwuliza mimi, siku moja, mara moja tu. Fomu nilijaza mara mbili."

Fundi hakuelewa, au alielewa akakataa. Alisema pengine mara moja inatosha, Bibie si mtoto, akitaka kitu anakijua. Alisema hivyo huku kifungo kikizunguka kati ya vidole vyake, kikizunguka, kisha kikaacha kuzunguka. Yeye ndiye aliyekua na Bibie. Yeye ndiye aliyempangia viatu kila asubuhi tangu akiwa na miaka kumi, kiatu cha kulia kwanza, kwa sababu cha kushoto hakukigusa.

"Picha ya nyumba ya shirika," alisema taratibu, "uliiweka upande gani?"

Polepole alikikunja kitambaa cha kufutia.

"Upande gani, Polepole?"

"Kulia."

Fundi aliweka kifungo mezani, mahali pake, kwenye safu ya vifungo vya rangi ile. "Uliweka bila kujua," alisema, na haikuwa swali. Alikuwa anamshikia mlango apite.

"Niliiweka bila kufikiri," Polepole alisema. "Lakini ilipokuwa pale mezani, nikaona. Ningeweza kuzibadilisha, mkono wangu ulikuwa juu ya picha. Sikuzibadilisha. Halafu kesho yake ningeweza kumwuliza tena, nikaogopa angesema nyumbani. Nilijua, Fundi. Nilijua siku zote hizi."

Machozi yalimtoka hapo, na hakuyafuta, maana hakuona kama ana haki ya kuyafuta. Alitaka Fundi apige meza. Alitaka atukane. Fundi alikaa tu, mikono juu ya magoti, akitazama ubao wa picha ukutani kama mtu anayesoma tangazo la lugha asiyoijua.

"Mama yako angesema hapana mwaka mzima, ningengoja," alisema mwishoni. "Angesema miwili, ningengoja. Nilikuambia hivyo."

"Uliniambia."

"Sasa haraka ilikuwa ya nini?"

"Nina miaka thelathini na minne," Polepole alisema. "Kila nikikuona unaondoka na Bibie jioni, namfunga zipu ya jaketi, nakupa mkoba wake, mnaondoka, nabaki nafuta meza. Nilichoka kubaki. Nilitaka niwe ninaondoka nanyi." Akavuta pumzi. "Halafu nikamtoa yeye ili niingie mimi. Sikuwaza hivyo wakati ule. Sasa nawaza."

Fundi aliinua mkono kama anayetaka kumgusa shavu, kama alivyofanya mara ngapi sijui, ukafika katikati ya meza, ukarudi. Akasema itabidi Mkurugenzi ajue. Polepole akasema atamwambia mwenyewe, leo hii, kabla hajafunga ofisi. Na alimwambia. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho akiwa amevaa miwani, akaivua, na hakumgombeza. Alisema tu kwamba kesho ataanza kumwuliza Bibie yeye mwenyewe, na kwamba Polepole hatamwuliza mwenyeji yeyote jambo lolote tena, si kwa mwezi, si kwa mwaka. Atabaki kazini, atafundisha kushona, atafuta meza. Kazi ya kuuliza imekwisha. Wengine wangefurahi kutofukuzwa. Polepole alishuka ngazi akishika ukuta, maana kazi ile ndiyo pekee aliyowahi kuifanya vizuri kuliko watu wote.

Bibie aliulizwa kesho yake, picha ya nyumbani ikiwa kulia, akagusa nyumbani. Jibu hilo halikuwa na uzito, kila mtu alijua. Siku iliyofuata, saa nne, zikabadilishwa. Ndugu huruhusiwa kutazama kupitia kioo cha mlango mradi mwenyeji asiwaone, na Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi, kama mtu aliyeitwa shuleni kwa habari ya mwanawe. Alimwona Polepole ukumbini anapita na kapu la nyuzi, akasogea kidogo kumwachia nafasi kwenye kioo. Polepole akaweka kapu chini, akasimama.

Walisimama bega kwa bega bila kugusana. Polepole aliisikia harufu ya mafuta ya mashine iliyoshinda sabuni ya shati. Ndani, Mkurugenzi aliweka picha mbili mezani, nyumbani kushoto, nyumba ya shirika kulia, akaeleza, akaondoa mikono yake na kuificha chini ya meza kama kanuni inavyotaka. Bibie alitazama. Mkono wake uliinuka kama siku zote, ukaenda kulia, moja kwa moja, na Polepole, Mungu amsamehe, moyo wake uliruka kwa tumaini.

Mkono ukasimama hewani. Ulikaa hapo muda ambao Polepole hakuweza kuupima. Bibie alikunja uso, akauma mdomo, kama anapopata kifungo ambacho rangi yake haifahamiki. Kisha mkono ule ukarudi, polepole, ukavuka meza yote kwenda kushoto, ukaifunika picha ya nyumbani, ukaibana mezani kwa kiganja ili mtu asiichukue.

Miaka sita Polepole alikuwa na Bibie, hakuwahi kumwona akienda upande ule. Kioo mbele ya mdomo wa Fundi kiliingia ukungu, kikafutika, kikaingia tena. Polepole alitaka kumshika mkono kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na safari hii alibaki na mikono yake.

Mlango ulipofunguliwa, Bibie alitoka na mkoba wake begani. Alipomwona kaka yake hakukimbia, yeye hakuzoea kukimbilia kitu. Alimwendea kwa mwendo wake wa siku zote, akamnyooshea kola ya shati, akamwuliza kama anavyomwuliza kila siku nje ya duka la mteja:

"Umemaliza?"

Fundi hakumtazama Polepole. Alichukua mkoba begani mwa dada yake, akauning'iniza begani mwake mwenyewe.

"Nimemaliza, Bibie," alisema. "Twende nyumbani."

Bibie akasema sawa. Na safari hii neno hilo lilikuwa na uzito wake wote. Kabla ya kuondoka alimwendea Polepole, akageuka na kumpa mgongo wa jaketi lake kwa desturi, akisubiri kunyooshewa. Polepole akalinyoosha, akamgeuza, akamfunga zipu mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Fundi alingoja. Zipu ilipofika juu, akasema maneno machache sana, kwa sauti ya chini, ya adabu, kisha ndugu wale wawili wakashuka ngazi.

Polepole aliomba ruhusa akarudi nyumbani saa sita. Mama yake alikuwa sebuleni anapiga pasi vitambaa vya meza vya harusi, vyeupe, ishirini na vinne, na kumi na sita vilikuwa tayari kwenye kochi. Alimwona binti yake mlangoni saa ambayo si yake, lakini alikuwa na jambo lake kifuani, na mtu mwenye jambo husema kwanza.

"Vizuri umekuja mapema," Mama alisema, bila kuacha pasi. "Kaa hapo. Nimekuwa nawaza tangu juzi. Nilimuuguza bibi yako miaka saba, unajua. Nimekuwa nikisema ilikuwa adhabu. Jana nimekumbuka alivyokuwa akinisuka nywele jioni, mikono inatetemeka, mistari haiendi sawa, natoka nje natazamwa na watu. Wala sikuwa na mwingine wa kunisuka." Alikunja kitambaa, akaanza kingine. "Haikuwa kumuuguza kulikoniuma. Ni kwamba hakuna aliyeniuliza kama nataka. Basi nikakufanyia wewe hivyo hivyo, na yule binti nikamfanyia hivyo hivyo. Mwambie Fundi amrudishe dada yake. Nyumba ikiwa ndogo, mtabanana. Mimi nitakuja siku mbili kwa wiki kukaa naye. Umesikia?"

Polepole alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, viatu miguuni.

"Amekwisha rudi, mama," alisema.

Akamsimulia. Alimsimulia taratibu, neno baada ya neno, kwa sababu hakujua namna nyingine: Ijumaa ile, picha zile, fomu, benchi la mlangoni, mkono hewani. Mama alizima pasi alipofika kwenye fomu. Alipofika mwisho, Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kochi, juu ya vitambaa alivyovipiga pasi, na hakuvijali tena.

"Ni mimi niliyekusukuma," Mama alisema.

"Wewe ulisema hapana, mama. Mtu ana haki ya kusema hapana. Mimi ndiye niliyesema ndiyo kwa mkono wa mtu mwingine."

Mama hakubishana. Aliwaza, na Polepole aliona namna alivyowaza, akitafuta pa kupitia. Mwishoni akasema ataenda yeye. Atavaa vizuri, atakwenda kwa Fundi leo hii jioni, ataomba radhi kama mzazi, atamwambia kikwazo ni yeye na kimeondoka. Mwanamume mwenye moyo ule hawezi kumfukuza mzazi. Kweli binti amekosa, lakini amesema mwenyewe, hakukamatwa. Hasira za mwanamume mwema hukaa siku tatu, wiki, kisha zinashuka.

"Hana hasira," Polepole alisema.

"Huwezi kujua. Alikwambia nini alipoondoka? Alikutukana? Alisema hataki kukuona? Maneno ya hasira yasikutishe, mwanangu. Mtu akigomba bado yupo."

Polepole alitazama chini. Mikono yake ilikuwa mapajani, mitupu.

"Alinishukuru, mama," alisema. "Alisema, asante kwa kuniambia ukweli, na asante kwa miaka yote uliyomtunza dada yangu. Akanipa mkono, kama wanavyotupa ndugu wa wenyeji siku wanapohama."

Mama akashuka kutoka kwenye kochi, akaketi sakafuni kando ya binti yake, akamvuta kichwa kikamlalia kifuani. Hakutafuta tena pa kupitia.